Mama Yake Alipotekwa

Desemba 2012, katika mji wa Ogwashi-Uku, jimbo la Delta huko Nigeria, watu wenye silaha walimteka Profesa Kamene Okonjo, mama aliyekwishavuka miaka 80. Kosa lake lilikuwa moja tu: kumzaa Waziri wa Fedha. Binti yake, Ngozi Okonjo-Iweala, anasimulia mkasa huo katika kitabu chake *Fighting Corruption Is Dangerous* cha mwaka 2018. Sharti la watekaji lilikuwa ajitokeze kwenye televisheni, atangaze kujiuzulu. Baada ya siku tano mama aliachiwa. Binti hakujiuzulu.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwanza. Hivi, ningekuwa mimi?

Tukumbuke alikuwa nani. Ndiye mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha Nigeria, kuanzia 2003. Mwaka 2005 aliongoza mazungumzo yaliyoifutia nchi yake deni la dola bilioni 18. Aliporudi wizarani 2011 akakutana na ruzuku ya mafuta: waagizaji walikuwa wakiidai serikali malipo, na baadhi ya madai yalikuwa ya mafuta ambayo hayakuwahi kufika. Yeye akakataa kulipa madai yenye shaka. Hapo ndipo mama yake alipoingia kwenye hesabu.

Wengi wetu tunasoma habari hii na kupiga makofi: mwanamke wa chuma! Mimi makofi yangu yanasita. Kwa kawaida mtu mwadilifu hulipia uadilifu wake mwenyewe. Atanyimwa cheo, atafukuzwa, pengine atauawa. Safari hii aliyekuwa mikononi mwa watekaji ni mama, na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari. Je, mtu ana haki ya kuwa mwadilifu kwa shingo ya mwenzake?

Swali hili lina upande wa pili, nao haumpendezi sana waziri. Januari 1 mwaka uleule wa 2012, serikali aliyokuwamo iliondoa ruzuku. Lita ya petroli iliyokuwa naira 65 ikapanda hadi kama 140 usiku mmoja. Watu wakafurika barabarani, migomo ikaanza, hadi bei ikashushwa kuwa 97. Hoja ya kiuchumi ilikuwepo, sikatai. Lakini mama muuza maandazi aliyeshindwa nauli asubuhi ile naye hakuulizwa. Kumbe kushika fedha za umma ndiyo kazi yenyewe: kila siku unaamua nani aumie, na mara nyingi anayeumia si wewe.

Nilimpigia mama yangu. Nikamweleza kisa chote, kisha nikauliza, "Mama, wangekuteka wewe, ungetaka niache kazi?" Akacheka. "Mwanangu, ungeacha siku hiyohiyo. Kazi zipo." Kimya kidogo, halafu akaongeza: "Ila ukishaacha, atakayekuja si ana mama pia?"

Sijapata jibu zuri kuliko hilo. Kujiuzulu kwa kutishwa hakumwokoi mama mmoja tu. Kunawatangazia wahalifu kwamba njia hii inalipa. Mama wa waziri ajaye anakuwa bidhaa yenye bei inayojulikana. Kwa hiyo naamini Okonjo-Iweala alikuwa sahihi, na sababu yangu si kwamba taifa ni kubwa kuliko mama. Taifa limejaa akina mama.

Lakini nisiishie kwenye sifa, maana sifa zinatudanganya. Ukiona mlango wa hazina unalindwa na mtu mmoja mwenye roho ngumu, usifurahi sana. Mwizi naye ameshamwona. Ndiyo maana, kati ya yote aliyoyafanya, ninaloliheshimu zaidi ni jambo lisilo na mbwembwe. Katika kipindi chake cha kwanza, wizara ilianza kuchapisha magazetini mgawo wa fedha ambao kila jimbo hupokea kila mwezi. Mwalimu wa kijijini aliweza kusoma kiasi kilichofika jimboni kwake, kisha akauliza kwa nini shule yake haina paa. Siri ikishakuwa mikononi mwa maelfu, kumtisha mmoja hakusaidii kitu. Huwezi kuteka mama za wasomaji wote wa gazeti.

Leo Okonjo-Iweala anaongoza Shirika la Biashara Duniani, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho. Tunapenda wasifu wa namna hiyo, mama zetu wanauonyesha kwa mabinti zetu. Sawa. Lakini tukimaliza kumpongeza tujiulize: tumemwachia nani ufunguo wa hazina yetu, na tumemwacha peke yake kiasi gani?