Jiko limependeza, fundi hajalipwa

 

Wiki hii naomba wasomaji mniruhusu niingie jikoni. Siingii kupika. Nataka kuzungumzia ukarabati wa jiko, jambo ambalo nimelifanya mwenyewe nyumbani kwangu Magomeni, Dar es Salaam, na likaniachia deni ambalo nilikaribia kulizoea.

Kwa kawaida sisi wanaume tukiandika habari za mapambo ya nyumba huwatupia lawama wake zetu. Mke wangu alipopokea fedha za mchezo alitaka mambo mawili tu: sinki lisilovuja, na ukuta unaofutika mafuta. Mimi ndiye niliyetaka vyote vifanane, kuanzia sakafu, ukuta, makabati, bomba, hadi vishikio vya droo.

Na kufananisha kuna elimu yake. Unaanza na jiwe la juu ya makabati, kwa sababu graniti huja na rangi yake kama ilivyochimbwa, huwezi kuibadilisha. Ukishalipata jiwe ndipo unatafuta vigae vinavyoelekeana nalo, kisha mbao za makabati. Rangi ya kupaka iwe ya mwisho kabisa, maana hiyo huchanganywa upendavyo. Marumaru halisi inapendeza macho, lakini ndimu na ukwaju huila ikabaki na mabaka. Graniti inavumilia zaidi. Vigae vinavyong'aa viende ukutani, sakafuni vikilowa vinateleza, na mimi nina mama mzima anayetembea kwa mkongojo. Makabati ya bodi yakinywa maji huvimba, basi bomba litengenezwe kwanza. Haya yote alinifundisha fundi bila kunidai chochote, akiwa amechuchumaa na uzi wake mkononi.

Tulikubaliana ujira wa shilingi 300,000. Nilimpa 120,000 za kuanzia.

Kazi ilipokaribia kwisha, vigae vya ukutani vikapungua maboksi mawili. Nikarudi dukani Kariakoo, nikapewa vilevile, jina lilelile. Fundi akavitazama, akaligeuza boksi, akanionesha namba. Vigae vikitoka kiwandani, kila mkupuo huja na rangi iliyopishana kidogo na wa kabla yake, na namba ya mkupuo hupigwa kwenye boksi. Hivi vipya vilikuwa na umanjano kidogo. Akashauri tuvipange nyuma ya friji na mle ambamo makabati yatafunika, jambo liishe.

Nikakataa. Nikaona jicho langu litakuwa linaenda palepale kila siku. Nikaamuru ukuta mzima wenye dirisha ubanduliwe na upangwe upya kwa vigae vipya, ili angalau ukuta ule ufanane wenyewe kwa wenyewe. Fundi akaniambia, "Ustadhi, asubuhi jua likiingia utaona tofauti na kuta nyingine." Sikumsikiliza. Nikanunua maboksi 9, na kazi ya kubandua nikamuahidi 40,000 zaidi. Fedha ya maboksi yale ilitoka wapi? Ilitoka kwenye 180,000 zilizokuwa zimebaki za ujira wake.

Kazi ikaisha. Nikamwambia njoo wiki ijayo.

Ndugu zangu katika imani, sote tunaijua Hadithi aliyoisimulia Ibn Mas'ud (RA), iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Allah ni Mzuri na anapenda uzuri. Hiyo ndiyo Hadithi ya wenye majumba. Mimi mwenyewe nimeitumia dukani, nikichagua vishikio. Lakini tunaitumia nusu. Mtume (SAW) alikuwa anaonya juu ya kiburi, mtu mmoja akaulizia habari ya anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, ndipo akajibiwa kwamba kupenda uzuri siyo kiburi. Kisha akabainisha kiburi ni nini: kuikataa haki na kuwadharau watu. Wanavyuoni wanaifasiri haki hapo kuwa ni ukweli, na neno lenyewe la Kiarabu, haqq, hubeba pia kile anachostahiki mtu kwako. Nikajipima. Ukweli nilioambiwa na fundi kuhusu vigae niliukataa kwa kuwa ametamka fundi. Na haki yake nimeikalia.

Ipo Hadithi nyingine ambayo sisikii ikisomwa sana, nayo pia imo katika Sahihi Muslim. Bibi Aisha (RA) alitundika kitambaa mlangoni wakati Mtume (SAW) amesafiri. Aliporudi akakiona, uso wake ukaonesha kutoridhika, akakivuta akakichana, akasema kwamba Allah hakutuamrisha kuvivisha nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akakikata, akatengeneza mito miwili iliyojazwa makumbi ya mtende, na kwa hilo hakumlaumu. Baadhi ya wanavyuoni, akiwemo Imam Nawawi, hawakusema kuwa kupamba kuta ni haramu kwa Hadithi hii, na wala mimi siharamishi vigae. Ukuta wa jikoni unarukiwa na mafuta na mvuke, na kigae kinasafishika. Hiyo ni twahara na ni matumizi, kama ule mto. Ila kubandua ukuta mzima mzima kwa ajili ya umanjano ambao mgeni haoni, huko ni kuyavisha mawe. Na nguo yenyewe niliivua kwa mtu.

Fundi alikuja mara tatu. Mara ya tatu alinikuta mlango wa msikiti baada ya Alasiri, nimetoka kusoma darsa, na darsa lenyewe lilikuwa la amana! Hakusema neno mbele za watu. Alinipa mkono, akaniuliza hali ya mama, akaondoka. Nilitamani angenitukana.

Mara ya nne akamtuma mwanawe, kijana wa kama miaka 10. Mke wangu akamkaribisha ndani anywe maji. Akasimama mlangoni mwa jiko, akaogopa kukanyaga. Akauliza, "Hili ndilo alilojenga baba?" Mke wangu akanitazama. Yeye alidhani nimekwisha kulipa siku nyingi.

Usiku ule nikaikumbuka Hadithi Qudsi iliyopokelewa na Bukhari, kwamba Allah (S.W) atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmojawapo ni aliyemuajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Nimeisoma Hadithi hiyo hadharani mara nyingi, nikiwakusudia wenye viwanda na matajiri wa mabasi. Kumbe mwenye jiko naye yumo.

Niseme na jingine, japo ni aibu. Jiko lilipokamilika tukaacha kulipikia. Samaki wakawa wanakaangwa uani kwenye jiko la mkaa, eti wasichafue ukuta. Mama jirani aliyezoea kuingia kwa mlango wa nyuma kuomba chumvi akawa anaitia nje, kwa kuwa siku moja nilimuomba avue kandambili. Mtume (SAW) alimuusia Abu Dharr (RA) kwamba akipika mchuzi aongeze maji na awakumbuke majirani. Mchuzi wenyewe hatukuupika humo.

Alhamisi iliyofuata niliuza friji dogo nililokuwa nimeliweka sebuleni kwa ajili ya soda za wageni, nikachukua na vishikio vya droo ambavyo vilikuwa havijafungwa, nikavirudisha dukani kwa hasara. Nikamfuata fundi kwake, siyo kumuita. Nikampa 220,000 yake yote, nikamuomba msamaha mbele ya mwanawe. Akahesabu, akasamehe, akakataa nyongeza niliyompa, ila ya kijana akaipokea.

Jumapili akaja kunifungia vishikio vya zamani, vile vya mbao, visivyofanana na chochote. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mke wangu anakaanga maandazi mlemle ndani, jua limeingia dirishani. Fundi akaukazia macho ukuta, kisha akanigeukia.

"Ustadhi, bado zinapishana."

Wabillahi tawfiq.