Sifuri na Tisa

Kijana mmoja wa Tanga alipata kazi ya ukarani katika duka la samani za mkopo, Fordsburg, Johannesburg. Aliingiza namba za vitambulisho vya wateja kwenye kompyuta. Akikosea, alama nyekundu, akipatia, kijani. Siku ya kwanza mwenye duka alimwambia, "Mwanangu, kijani si kiapo." Akaitikia, "Ndiyo, mzee," akaendelea na kazi.

Namba ya kitambulisho cha Afrika Kusini ina tarakimu 13. Chukua hii ya mfano: 8001015009087. Sita za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, Januari 1, 1980. Nne zifuatazo huonyesha jinsia: 5000 na kuendelea ni mwanamume. Ya 11 hutenga raia na mkazi wa kudumu. Ya mwisho ndiyo mlinzi. Ukianzia kulia, kila tarakimu ya pili unaizidisha kwa 2, jibu likizidi 9 unatoa 9, kisha unajumlisha zote. Hapa unapata 40, na kwa kuwa 40 inagawanyika kwa 10, namba inapita. Kanuni hiyo aliibuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950, na ni kanuni nzuri kwelikweli: ukikosea tarakimu moja tu, lazima ikukamate. Ukipindua mbili zilizo jirani, itakukamata pia, isipokuwa 0 na 9. Maradufu ya 9 ni 18. Toa 9, inabaki 9 ileile. Sifuri hata uizidishe vipi ni sifuri. Kwa hiyo 09 na 90 zina uzito mmoja.

Jioni moja foleni ikiwa ndefu, mteja alikuja na namba ya sampuli hiyo. Badala ya 5009 kijana akagonga 5090. Kijani. Namba zote mbili zinapita. Lakini ni watu wawili. Wiki chache baadaye akatokea bwana mmoja na barua ya deni la kabati asilowahi kuliona. Ilichukua miezi kumsafisha.

Wazee wa Johannesburg wana sababu ya kuziogopa namba hizi. Sheria ya mwaka 1950 iliwaainisha watu kwa rangi, na kwa miaka mingi tarakimu za karibu na mwisho zilibeba rangi hiyo. Hesabu haikulalamika, uongo ukipangwa vizuri nao hugawanyika kwa 10.

Siku hizi kijana humrudishia mteja kadi yake mkononi, kisha humsomea namba kutoka kwenye skrini, polepole, tarakimu moja moja. Akifika kwenye sifuri iliyokaa na tisa, husimama na kuuliza, "Ipi inatangulia, mama?"