Huruma ya Sahani

Wahenga walituachia neno: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimelifundisha darasani mara nyingi, nikidhani linahusu uvivu wa mgeni. Uzeeni nimetambua kuwa linahusu pia heshima yake. Aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mwenyeji.

Mwaka 1986, nikiwa mkuu wa shule, tuliletewa mwalimu kijana aliyetoka chuo kile kile cha ualimu nilichosoma mimi. Aliugua polio utotoni. Mguu wake wa kushoto ulikonda, mgongo ulipinda kidogo, naye alitembea kwa mkongojo. Tulimpenda. Kwa kumpenda, nikaamuru asishike zamu wala asisimamie shamba la shule, na mpishi nikamwagiza amwongezee chakula. Nyumbani mambo yakawa hayo hayo, maana kwetu mume akinenepa watu husema amenawiri, na mke hupewa sifa. Naye alikula. Kukataa chakula cha upendo ni kumvunjia heshima aliyekipika.

Alipokaribia miaka sitini alianza kuamka na maumivu ya kichwa, na mchana akisinzia. Usiku hakuweza kulala chali, akawa analala nusu ameketi, mito mitatu mgongoni. Tukasema ni uzee. Daktari akasema si uzee peke yake.

Virusi vya polio huua seli za neva za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli, na misuli hiyo si ya miguu tu. Huweza kuwa ile ya mbavuni, na ule msuli mpana chini ya mapafu uitwao kiwambo. Seli zilizosalia hubeba mzigo wa zilizokufa, na baada ya miongo kadhaa nazo huchoka. Mgongo uliopinda huyanyima mapafu nafasi. Tumbo likiwa kubwa, mtu akilala chali, hukisukuma kiwambo juu, nacho hakina nguvu ya kushindana nalo. Pumzi huwa fupi, hewa chafu hubaki mwilini, na asubuhi kichwa huuma. Wala kumwambia akimbie kila siku si dawa, kwani misuli iliyodhoofu ikilazimishwa huweza kudhoofika zaidi. Kwa hiyo sahani ina uzito mkubwa kwake kuliko kwangu mimi.

Nilirudi nyumbani nikiwaza: je, wema unaodhuru bado ni wema? Nilijitetea kwamba sikujua habari za kiwambo. Ni kweli. Basi nikaenda kwake kurekebisha kosa langu, nikamhutubia juu ya wali, mafuta na soda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole:

“Mkuu, zamani mlinilisha bila kuniuliza. Sasa mnataka kuninyima bila kuniuliza.”

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Sikuhitaji kuwa daktari ili nimwulize mtu mzima anataka nini. Kumlisha na kumnyima vilikuwa kitu kimoja: vyote viwili vilimfanya mgeni katika maisha yake mwenyewe. Huruma isiyouliza humtazama mtu ikauona mguu tu.

Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio, na tulishangilia kwa haki. Lakini walioponea wapo, na wanazeeka pamoja nasi.

Siku hizi mwenzangu huenda sokoni mwenyewe kwa bajaji, akachagua mboga na maharage, na mkewe hupika kwa kadiri wanayokubaliana. Mito imepungua kutoka mitatu hadi miwili. Anapokuja kwangu, mkono wangu bado huinuka na upawa kumwongezea, kwa mazoea ya miaka mingi. Hapo hujizuia.

“Mwalimu, nikuongeze?”

Mara nyingi husema hapana. Jumapili moja alisema ndiyo, nami nikamwongezea.