Nani Kaua Klachi?

Trekta likigoma shambani, swali la kwanza huwa ni "nani kaua klachi?" Linaulizwa kwenye simu, fundi hata hajafika, na jibu mara nyingi liko tayari: dereva. Kwenye maeneo kama Kongwa na Kiteto, ambako mvua ya kwanza ikishuka kila mkulima anataka kulimiwa wiki hiyohiyo, swali hili si la mchezo. Klachi ya trekta kubwa ni hela nyingi. Ili kuibadilisha, trekta linatenganishwa katikati, injini huku, giaboksi kule, na siku za kulima zinazidi kuyoyoma. Lazima apatikane wa kulipa, na wa kukatwa mshahara yuko karibu: ndiye aliyekuwa kwenye kiti.

Mimi nauliza jambo moja: je, tuna haki ya kuuliza "nani" kabla ya kuuliza "vipi"?

Tuanze na kitu chenyewe. Klachi ni sahani inayobanwa na springi kali kwenye gurudumu zito lililoko nyuma ya injini, lile mafundi wanaloliita flaiwili. Ikibanwa, nguvu ya injini inakwenda kwenye gia. Dereva akikanyaga pedali, beringi inasukuma vidole vya presha pleti, sahani inaachiwa, nguvu inakatika. Kati ya beringi na vidole hivyo inatakiwa ibaki nafasi ndogo. Ndiyo maana pedali iliyo sawa hushuka kidogo, sentimita 2 au 3 hivi kwa matrekta mengi, kabla mguu haujakutana na uzito. Hiyo ndiyo plei, na kipimo chake kamili kiko kwenye kitabu cha trekta husika.

Sasa, sahani inavyolika, na italika tu hata dereva awe malaika, vidole vinaisogelea beringi na plei inapungua. Kwa hiyo kila baada ya muda wa kazi mtu anatakiwa kulegeza nati ya fimbo ya pedali na kuirudisha plei mahali pake. Asipofanya hivyo, siku moja beringi italala juu ya vidole muda wote, springi hazitabana sawasawa, sahani itateleza na kuungua. Na dereva anayeegesha mguu kwenye pedali kutwa nzima, kinatokea nini? Beringi italala juu ya vidole muda wote, springi hazitabana sawasawa, sahani itateleza na kuungua. Nimerudia maneno yaleyale makusudi. Makosa ya watu wawili tofauti yanaacha alama ileile. Flaiwili iliyogeuka rangi ya bluu inakwambia iliungua. Haikwambii nani kaiunguza.

Kinachoweza kutusaidia kuwatofautisha watu hao ni kipimo cha plei kama ilivyokutwa siku ile. Ikikutwa imekwisha kabisa, swali linahama kutoka kwenye mguu wa dereva na kwenda kwa yule aliyepewa jukumu la kurekebisha, au kwa mwenye trekta ambaye hakumpa mtu jukumu hilo. Ikikutwa iko sawa, basi tunatazama mguu, mzigo wa plau, au springi zilizochoka. Lakini ushahidi huu una maisha mafupi mno. Fundi akishageuza nati ya kwanza, umepotea. Fundi anayefungua kabla ya kupima hana tofauti na mtu aliyepiga deki chumba cha mauaji kabla mpelelezi hajafika. Nia yake inaweza kuwa njema, lakini haki ya mtu imeshamwagika na maji.

Wapo mashahidi wengine. Sahani ikikutwa imelowa oili, basi sili imevuja, ama ya injini ama ya giaboksi, na hakuna mguu wa binadamu unaotoa oili. Na si kila ugonjwa ni kuteleza. Gia zikikwaruza wakati wa kuingia, watu husema dereva hajui kazi. Kumbe huenda plei imezidi na klachi haiachii yote. Au trekta lilikaa masika nzima bila kuwashwa, sahani ikashikana na flaiwili kwa kutu.

Najua nitaambiwa: madereva wabovu wapo. Wapo kweli. Kuna anayevusha plau kwenye visiki kwa nusu klachi huku sahani inanuka. Ila hata huyo tumuulize vizuri. Aristotle alitoa mfano wa nahodha anayetupa mizigo baharini ili meli isizame kwenye dhoruba: hakuna anayetupa mali kwa kupenda, lakini mkono ni wake. Vitendo vya namna hiyo aliviita mchanganyiko. Dereva anayelipwa kwa ekari, na anayepigiwa simu kila saa aongeze kasi, yuko karibu na nahodha yule kuliko tunavyopenda kukiri. Mguu ni wake, lakini haraka si yake peke yake.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Wa kwanza kuhisi plei inakwisha ni dereva, kwa unyayo wake, siku nyingi kabla ya moshi. Kwa nini hasemi? Kwa sababu anajua atakayesema ndiye atakayeshukiwa. Basi ananyamaza, anaomba Mungu msimu uishe salama, na marekebisho ya nusu saa yanageuka kazi ya kutenganisha trekta. Desturi yetu ya kumtafuta mkosaji haraka ndiyo inayotunyima taarifa ambayo ingeiokoa klachi.

Kupima pedali kwa rula, mbele ya dereva na mwenye mali, na kuandika namba kwenye daftari, hakumalizi dakika 5. Kwa hiyo hakuna wa kusingizia mvua. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na hapa haki yenyewe inapimika kwa sentimita. Ipimwe kabla spana haijatoka kwenye boksi.