Baraka Ina Uzito

Somo: 2 Samweli 6:1-15, 1 Mambo ya Nyakati 15:1-15

Tukipiga magoti tunaomba kupokea. Ni wachache wanaoomba hekima ya kubeba walichopokea mpaka kifike nyumbani kikiwa kizima, na watu wote wakiwa wazima.

Daudi alipotaka kulileta Sanduku la Agano Yerusalemu, nia yake ilikuwa safi. Vinubi vilikuwepo, matari yalikuwepo, na watu wateule 30,000. Lakini Sanduku liliwekwa juu ya gari jipya la kukokotwa na ng'ombe. Sisi wa Kiamaiko tungesema mkokoteni. Wazo hilo lilitoka wapi? Soma 1 Samweli 6. Ni Wafilisti waliotumia gari jipya kulirudisha. Mungu alishasema katika Kutoka 25 kwamba Sanduku lina miti yake ya kubebea, na katika Hesabu 7 kwamba wana wa Kohathi watabeba mabegani.

Ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono, akafa pale pale. Wengi huuliza: si alikuwa anasaidia tu? Sikiliza Daudi mwenyewe baadaye, katika 1 Nyakati 15:13. Anakiri kwamba wote hawakumtafuta Mungu kwa utaratibu. Viongozi walipanga njia, lakini aliyekufa ni yule aliyekuwa karibu na mzigo. Viongozi wenzangu, hapo tutetemeke.

Neno hili lilinishika mwaka jana. Dada mmoja wa kwaya, mwalimu wa muziki, alinunua piano. Si kinanda cha umeme, ni piano kubwa ya miguu mitatu, ile ya kulala, mpya kabisa. Aliweka akiba miaka saba, na chama chake kikamwongezea. Kuna waliocheka: piano Kiamaiko, karibu na soko la mbuzi? Lakini jirani zetu Korogocho, watoto wa Ghetto Classics wamekuwa wakipiga fidla na tarumbeta tangu 2008. Muziki hauulizi mtu anakaa mtaa gani.

Taabu ilikuwa ngazi. Dada anakaa ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Hata piano ndogo za aina hiyo huzidi kilo 200. Zile za ukumbini hukaribia 500. Kiongozi wa vijana akanijia: "Pasta, tupe ruhusa, vijana wanane Jumamosi. Tutaibeba bure, ni huduma." Moyo mzuri sana huo. Nikasema hapana. Basi maneno yakaanza, kwamba pasta msaidizi amesoma biashara, imani imemwishia.

Wapendwa, mzigo kama huo ukiteleza kwenye ngazi, haumwangukii aliye juu. Unamwangukia kijana wa chini, na huyo kijana ana mama. Sisi majirani wa Huruma hatujasahau usiku ule wa mvua wa Aprili 29, 2016, ghorofa lilipoporomoka na watu wengi wakafa. Tunajua njia ya mkato hulipwa na nani. Imani haimwambii mtoto wa mwenzako alale chini ya mzigo wako.

Kwa hiyo piano ilibaki dukani wiki tatu, dada akitafuta pesa za wabebaji wenye ujuzi. Alilia. Lakini kumbuka, Sanduku nalo lilikaa miezi mitatu kwa Obed-edomu, na Mungu akaibariki nyumba ile. Kungoja si laana. Daudi alitengeneza mahali, akapiga hema, kisha ndipo akawaita Walawi. Dada naye akapima mlango na kila kona ya ngazi. Akamuuliza mwenye ploti kuhusu sakafu. Akachagua ukuta usiopigwa na jua wala mvuke wa jikoni. Akashuka kwa mama wa chini mwenye mtoto mchanga, wakakubaliana saa za kupiga.

Siku ilipofika wakaja wanaume watano. Walifungua miguu yote na kanyagio, wakaizungushia mablanketi, wakailaza ubavu juu ya ubao, wakakaza mikanda. Kila kona walitua, wakapumua, wakahesabu upya. Walipolibeba Sanduku mara ya pili, baada ya hatua sita tu Daudi alitoa dhabihu. Hatua sita! Mwenye haraka hawezi hiyo.

Je, ilipofika ilikuwa tayari? La. Ndani mna nyaya zaidi ya 200, na zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu tani 20. Fundi akasema ikae wiki kadhaa kwanza, mbao zizoee hewa ya nyumba, ndipo aisawazishe sauti. Na mwaka wa kwanza atarudi tena na tena. Sasa mbona sisi, mtu akiokoka Januari, Machi akitoa sauti isiyo sawa, tunasema hakuokoka? Mbona ndoa ya miezi minne ikilia vibaya tunataka kuirudisha dukani? Haijaharibika. Inazoea nyumba. Mwite fundi.

Chuoni tulifundishwa kwamba bei ya kununua si gharama ya kuwa nacho. Yesu alishafundisha hivyo katika Luka 14, habari ya mnara. Basi wewe unayeombea kazi, nyumba, mtoto au huduma, jiulize wiki hii: mahali pako tayari? Nani atabeba, na je, umemlipa? Na ukishapokea, utakuwa na subira ya kuzoeana nayo?

Tuombe. Baba, tupe baraka, na utupe mabega. Tuonyeshe njia yako kabla hatujainua kitu. Mlinde kila kijana anayebeba mzigo wa wengine leo katika mtaa huu. Katika jina la Yesu. Amina.