DAWA INAPOADIMIKA: JE, AKIBA YANGU NI HAKI YANGU?

Liko neno moja fupi ambalo wengi wetu tumelisikia dirishani pa zahanati au mezani pa duka la dawa, nalo ni hili: "Imekwisha." Sukari ikikwisha dukani, mtu hunywa chai kavu, akanung'unika kidogo, kisha akalala salama. Lakini mwenye kifafa, mwenye kisukari, au mwenye shinikizo la damu hawezi kuuambia ugonjwa wake ungoje mpaka mwezi ujao. Kwa sababu hiyo dawa si bidhaa kama bidhaa nyingine, ijapokuwa hununuliwa kwa fedha ile ile na kuwekwa juu ya meza ile ile. Leo twapenda kulitazama swali ambalo watu hulikwepa: dawa inapoadimika, mtu aliye na fedha aweza kununua kiasi gani pasipo kumdhulumu jirani yake?

Kwanza tuseme wazi kwamba upungufu wa dawa mara nyingi huanza mbali na nyumba zetu. Twaa mfano wa penisilini ya benzathini. Sindano hiyo huwakinga watoto waliougua homa ya baridi yabisi, ili mioyo yao isizidi kuharibika. Nao hudungwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa muda wa miaka mingi. Ni dawa ya zamani, na bei yake ni ndogo. Kwa hiyo viwanda vinavyoitengeneza ni vichache. Mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikiri kwamba dawa hiyo ilikuwa imeadimika kwa miaka kadhaa. Tazama jinsi mambo yalivyo: dawa nyingine watu huikosa kwa kuwa ni ghali mno, na nyingine huikosa kwa kuwa ni rahisi mno, hata watengenezaji hawaoni faida ndani yake.

Tena uko upungufu ambao sababu yake si kiwanda wala meli. Katika miaka ya 2009 na 2010 lilifanyika jaribio katika wilaya tatu za Tanzania, yaani Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila wiki watumishi wa vituo 129 vya afya waliulizwa kwa simu ya mkononi ni dawa ngapi za malaria walizo nazo. Wiki ya kwanza ilionekana kwamba asilimia 78 ya vituo hivyo vilikosa dawa moja au zaidi ya zile zilizohitajiwa. Ilipofika wiki ya 21, vilivyokosa vilikuwa asilimia 26. Na katika muda huo hakikujengwa kiwanda hata kimoja. Wakubwa wa wilaya walianza kujua, na walipojua, waliweza kuagiza mapema na kutoa dawa palipozidi wakazipeleka palipopungua. Basi twajifunza kwamba mara nyingine kinachokosekana si dawa yenyewe, bali ni habari zake na mtu wa kuzifuatilia.

Lakini yatupasa kuwa wakweli na kutazama pia ule upungufu ambao twauzaa kwa mikono yetu wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipotisha dunia, zilienea habari kwamba dawa iitwayo hidroksiklorokwini yaweza kuuponya. Dawa hiyo ni ndugu ya klorokwini, ambayo sisi Watanzania tuliitumia kwa malaria mpaka mwaka 2001. Watu wazima kabisa, wasio na ugonjwa wowote, waliikimbilia madukani katika nchi nyingi wakaiweka kabatini. Wakati huo huo wagonjwa wa lupasi, ambao huinywa kila siku ili viungo vyao visiharibike, walikwenda dukani kama desturi yao wakaambiwa haipo. Mwezi wa Juni mwaka ule ule majaribio makubwa yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kwamba haiwasaidii wagonjwa wa korona waliolazwa hospitalini. Hivyo walioificha hawakupata faida, na walioihitaji walipata hasara. Wala walioinunua hawakuwa wezi. Walilipa bei iliyotakiwa, wakapewa risiti. Hata hivyo jirani zao waliumia.

Hapo ndipo penye fundo la swali letu. Mtu aweza kulipa kila senti na bado akamdhulumu mwenzake.

Tulete jambo hili karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, katika milima ya Ulanga. Watu waliokuwa wakitengwa na ndugu zao, wengine wakila peke yao kwa sababu watu walidhani ugonjwa huo huambukiza, walianza kutibiwa kwa vidonge vya fenobabitoni. Ni dawa iliyojulikana tangu mwaka 1912, na bei yake si kubwa. Wagonjwa 164 waliotibiwa hapo walifuatiliwa kwa muda wa miaka 30, na ikaonekana kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wamekwisha kufa, wengi wao kwa ajili ya kifafa chenyewe: kwa kuanguka motoni au majini, au kwa degedege lisilokoma. Tena madaktari hutuonya kwamba dawa ya kifafa haiachwi ghafula. Mtu aliyeizoea akiikosa siku chache tu, aweza kushikwa na degedege kali kuliko lile la kwanza.

Sasa tuseme kwamba katika mji mdogo kuna makopo matatu ya vidonge hivyo dukani, na shehena nyingine itafika baada ya mwezi mmoja. Anakuja baba mmoja mwenye fedha, ana mtoto mwenye kifafa, naye ataka kununua makopo yote matatu. Tumwambie nini? Yeye si mlafi. Amemwona mwanawe akianguka karibu na jiko, naye hataki kumwona tena hivyo. Atatuuliza, "Je, si wajibu wangu kumpenda mtoto wangu kuliko watoto wa watu nisiowajua?" Naam, ni wajibu wake, wala hakuna mwalimu mwema atakayemkataza. Lakini na tupime vizuri. Mtoto wake, kwa mwezi huu, ahitaji vidonge vya siku 30, na pengine vya siku chache zaidi, kwa maana barabara zetu hukatika na magari huchelewa. Vidonge hivyo ni haki yake. Vile vinavyozidi hapo havimlindi mtoto. Vyatuliza hofu ya baba tu. Lakini kwa mtoto wa jirani, ambaye mama yake atafika dukani kesho kutwa baada ya kuuza kuku wake, vidonge hivyo hivyo ndizo siku zake za uhai. Hofu ya mmoja haiwezi kupimwa sawa na uhai wa mwingine.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Ni neno jema kwa mahindi ghalani na kwa fedha benki, lakini dawa ina tarehe yake, na tarehe ikipita huwa takataka. Basi kipimo chetu na kiwe hiki: chukua kiasi cha kukufikisha salama kwenye shehena ijayo, pamoja na siku chache za tahadhari, usichukue zaidi.

Lakini tusimtwishe mnunuzi mzigo wote. Mwuza dawa naye ana swali lake, nalo ni la kale sana. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia habari za mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Alexandria mpaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Mtu huyo ajua kwamba meli nyingine nyingi zimo njiani, lakini watu wa kisiwani hawajui. Je, awaambie, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli alisema kwamba kunyamaza si kudanganya. Antipater, mwanafunzi wake, alisema ni lazima aseme, kwa kuwa binadamu wote wana ushirika mmoja. Cicero alikubaliana na Antipater. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua swali hilo katika karne ya 13, akajibu kwa kiasi: mtu huyo havunji haki akinyamaza, lakini angekuwa na fadhila kubwa zaidi kama angesema au kupunguza bei.

Kwetu sisi, mwenye duka la dawa hana hata ile nafasi ya mfanyabiashara wa Rhodes. Yule aliwanyamazia watu wenye njaa kwa siku chache, na meli zilikuwa zikija. Lakini mwuza dawa anayesema "imekwisha" hali makopo mawili yako nyuma ya pazia, akiyangojea bei ipande au rafiki yake afike, hanyamazi tu. Anasema uongo, na uongo huo waweza kuua. Anayesema kweli, "Nina vidonge vya watu kumi, shehena yaja tarehe fulani, kila mmoja nitampa vya mwezi mmoja," huyo ametenda zaidi ya biashara.

Tena yafaa kuangalia jambo ambalo watu hulisahau. Watu huficha dawa kwa sababu hawaamini. Baba yule hununua makopo matatu kwa kuwa hakuna aliyemhakikishia kwamba akirudi mwezi ujao atapata. Ukimhubiria tu juu ya ulafi hutamgeuza, maana ugonjwa wake si ulafi. Mwandikie jina lake katika daftari, mwekee vidonge vya mwanawe, na akija umpe kama ulivyoahidi. Akiona hivyo mara mbili au tatu, ataacha kuficha. Hivyo uaminifu wa mwuza dawa na wa mnunuzi hulishana: mmoja ukifa, wa pili haukai.

Mfano wa jambo hili twauona hata katika mipango ya nchi. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ndiyo mgawaji mkuu wa dawa za vituo vya serikali. Lakini dawa ilipokosekana huko, kila zahanati ilikuwa ikihangaika peke yake. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza utaratibu uitwao Jazia, ambao kwa huo vituo vyote vya mkoa humwendea mshitiri mmoja aliyechaguliwa kwa haki na kukubaliana naye bei. Kufikia mwaka 2018 utaratibu huo ulienezwa nchi nzima. Jina lake latosha kuwa funzo. Palipopungua, pajaziwe, na wenye uhitaji mmoja waende pamoja, wasinyang'anyane.

Hata hivyo twaona vema kuonya juu ya ukarimu usio na busara. Mama akisikia jirani aumwa, humpelekea vidonge vilivyobaki nyumbani, akidhani ametenda tendo la huruma. Lakini dawa ya cheti hupimwa kwa mtu, kwa uzito wake na kwa ugonjwa wake. Iliyomponya Petro yaweza kumdhuru Paulo. Vilevile si vema kukata dozi nusu ili idumu, wala kununua vidonge vya wachuuzi katika stendi za mabasi, ambavyo hakuna ajuaye vilikotoka. Lililo jema ni hili: rudi kwa daktari au mfamasia kabla vidonge havijaisha, ukiwa bado na vya wiki moja au mbili, uliza kama iko dawa ile ile yenye jina jingine, au nyingine iwezayo kuchukua nafasi yake, na jirani yako asiye na nauli, msaidie afike huko. Hiyo ndiyo huruma isiyo na hatari.

Wala mtu asidhani kwamba wema wa majirani waweza kufunika uzembe wa wenye mamlaka. Tukigawana kidogo kilichopo kwa haki, bado ni kidogo. Kila kituo cha serikali kina kamati yake yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Yawapasa wajumbe hao kuuliza ni dawa gani zilizoagizwa, zipi zilifika, na zipi zilikwenda wapi. Kuuliza hivyo si uchochezi. Mtoto aliyekosa vidonge vyake hawezi kuuliza mwenyewe. Basi ni lazima awepo mtu mzima wa kuuliza kwa niaba yake.

Na tumalize kwa jambo dogo ambalo kila nyumba yaweza kulifanya wiki hii. Fungueni kabati au sanduku lenu la dawa. Zilizopita tarehe zipelekeni kwa mfamasia awaambie jinsi ya kuziharibu. Hesabuni zilizobaki, mjue ni za siku ngapi. Kisha mtakapokwenda dukani, semeni kiasi mnachohitaji, mchukue hicho, na kilichobaki kiacheni pale mezani. Iko familia inayokuja nyuma yenu.