Zakayo Alijua Hesabu Zake

Injili ya Jumapili hii, Luka 19:1-10, tumeizoea upande wa mti. Ukiwauliza watoto wa katekisimu watakutajia mkuyu, ufupi wa Zakayo, na Yesu akiinua macho. Juma hili mimi nimekaa na maneno aliyoyasema Zakayo nyumbani kwake, amesimama mbele ya mgeni wake: nusu ya mali aliwaahidi maskini, na kila aliyemdhulumu aliahidi kumrudishia mara nne. Ahadi hii ya pili hawezi kuitimiza mtu asiyejua alimtoza nani na kiasi gani. Torati ilimdai mwizi wa kondoo arudishe kondoo wanne; Zakayo anajihukumu kama mwizi wa zizini, na anajua zizi lilikuwa la nani. Basi katika nyumba ile ya Yeriko, pamoja na mali, kulikuwa na kumbukumbu. Toba yake ilikuwa na majina ya watu.

Tujiangalie sisi wa Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula. Mama ananunua samaki kwa wavuvi, anawapakia kwenye gari, anaanza safari ya karibu kilomita 200 mpaka Lubumbashi. Analipa gati ya mtumbwi, analipa sokoni, analipa kwenye vizuizi vya njiani. Baadhi ya malipo hayo ni ya halali kabisa, na mengine yametungwa na aliyesimama pale na kamba yake. Mara nyingi yote mawili hayana karatasi, na mama hana njia ya kuyatenganisha. Sasa tuseme mmoja wa waliomtoza aguswe na neema, aje kanisani akilia, atake kurudisha mara nne. Atamrudishia nani? Mama yule ameporwa mara mbili: fedha yake imechukuliwa, na hata alama ya kwamba aliitoa haipo.

Ndiyo maana nimependa leo kumzungumzia mchumi mmoja wa Tanzania, Profesa Joseph Semboja, ingawa si kawaida wachumi kutajwa katika tafakari. Alifundisha na kutafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaiongoza kwa miaka mingi taasisi ya REPOA, iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya utafiti wa kupunguza umaskini. Mwaka 1995 yeye na Ole Therkildsen wa Denmark walihariri kitabu juu ya huduma za jamii Afrika Mashariki: nani hasa anaendesha shule na zahanati pale serikali inapoishiwa. Baadaye, pamoja na Odd-Helge Fjeldstad wa Norway, akashika swali ambalo wakubwa wengi walidhani wanalijua jibu lake: kwa nini mwanakijiji analipa kodi, na kwa nini halipi?

Kodi yenyewe ilikuwa ile iliyoitwa kodi ya maendeleo. Halmashauri za Tanzania zilivunjwa mwaka 1972, na zilipofufuliwa miaka ya 1980 zilihitaji fedha. Kila mtu mzima akatakiwa kulipa kiasi kile kile, mwenye duka na mwenye jembe moja. Ilitozwa kwa mgambo na kwa vizuizi vya barabarani. Watu wakajificha porini siku za msako. Ofisini jibu lilikuwa jepesi: wananchi ni wakwepaji, waongezewe ukali.

Semboja na mwenzake wakaenda kuwauliza wananchi wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na hayakumpendelea mtu. Ni kweli, walikuta, hofu ya kushtakiwa inafanya wengine walipe, na mwenye uwezo hulipa zaidi kuliko asiye nao. Lakini mtu anayewafahamu wakwepaji wengi naye huanza kukwepa. Na unyanyasaji wenyewe, pamoja na uchungu wa kulipa bila kuona huduma, ulionekana kuwaongezea watu ukaidi. Yule mgambo aliyetumwa kuongeza mapato alikuwa anawafundisha watu kukataa. Mwaka 2003 serikali ya Tanzania iliifuta kodi ya maendeleo. Sisemi kwamba karatasi moja ya wachumi ndiyo iliyoifuta. Kilio cha watu kilikuwa kikubwa. Ninachosema ni kwamba kilio kile kilikuwa kimeshapata mtu wa kukiandika kwa uaminifu, pamoja na sehemu zake zisizotupendeza sisi walipaji.

Kazi hiyo naiita huruma, na sitaki mtu adhani natumia neno kubwa kwa jambo dogo. Kukaa na mkulima na kumwuliza alilipa nini, kwa nani, alipata nini, halafu kuliandika jibu lake bila kulipamba, ni kumpa heshima ambayo mtoza hakumpa.

Kasenga ina sababu yake ya pekee ya kulielewa jambo hili. Wakati wa Wabelgiji, kodi ya kichwa ilidai franka, na franka zilipatikana kwa wazungu. Vijana wa vijiji hivi wakaenda Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwenye shaba ya kampuni ya Union Minière. Wafanyakazi wa migodi walihitaji kitoweo cha kulia bukari, na samaki wa kuwalisha wakatoka hapa, kwa wafanyabiashara wa Kigiriki waliojikita Kasenga. Wazee bado wanamtaja mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwenda kutaga na kuvuliwa kwa wingi akiwa njiani. Katika miaka ya 1940 alianza kuisha, na wingi ule haukurudi tena. Tani zilihesabiwa. Kodi ilihesabiwa. Kijiji kilichobaki bila vijana wake na bila mpumbu wake hakikuwa na safu yake katika daftari, na kwa hiyo mpaka leo hakuna anayejua wajukuu wake wanadai nini.

Leo sheria zetu ni nzuri kuliko zile za Wabelgiji. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya jimbo, nayo ikatwe palepale inapokusanywa. Sheria ya mwaka 2008 juu ya mamlaka za chini inazipa sekta, himaya za machifu na miji asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Piga hesabu: katika kila franka 100, 16 zingepaswa kushuka mpaka karibu na mlango wako. Tunajua sote kwamba ukataji huo wa palepale haukutekelezwa kama ulivyoandikwa. Fedha hupanda Kinshasa kwanza, kisha hurudi pungufu na kwa kuchelewa. Ni Wakristo wangapi wa parokia yetu waliowahi kusikia namba hiyo 16? Mtu hawezi kudai asichojua kuwa ni chake.

Na wale wanaoogopa kwamba mwananchi akijua atagoma kulipa, waende Kananga. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilianza kutoza katika mji ule kodi ya nyumba mlango kwa mlango, watozaji wakiwa na mashine ndogo za kutoa risiti, na mchumi Jonathan Weigel akafuatilia yaliyotokea. Katika mitaa iliyotembelewa, watu walijitokeza zaidi kwenye mikutano na serikali ya jimbo, na walijaza zaidi fomu za kutoa maoni juu ya kazi yake. Kutozwa waziwazi kuliwafanya waanze kuuliza.

Vijana wetu mnaosoma uchumi Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), mnakuja likizo na mada za tasnifu juu ya kobalti na bei za dunia. Ni mada njema. Lakini samaki aliyewasomesha hajaandikiwa tasnifu ya kutosha. Fuateni kapu moja kutoka ukingo wa mto mpaka soko la Lubumbashi, mkiandika kila malipo na kila risiti iliyotolewa au kukosekana. Mtu akiwazuia, rudini mtuambie. Parokia itaandika barua.

Kwa jumuiya zote: kuanzia mwezi ujao, baada ya misa ya pili, kila anayefanya biashara ya mtoni alete risiti zake, na asiye nazo aje aseme alilipa wapi na kiasi gani. Katibu wa jumuiya ataandika tarehe, mahali na kiasi, bila kumtaja kwa jina mlipaji asiyetaka kutajwa. Na kwa kuwa Kanisa nalo linapokea fedha za watu hao hao, siku hiyo tutaanza na zaka, matoleo na michango ya ujenzi: daftari la parokia litasomwa kwa sauti kabla ya daftari la mtu mwingine yeyote.